Imeili za kulipia "zilizothibitishwa", kuanzia Goodmail mpaka tiki ya bluu: soma kabla hujatoa hela

Niseme mapema ili mwenye haraka zake aendelee na shughuli. Kama una biashara ndogo, SACCOS, shule, kanisa au NGO ya watu watano na kuna mtu anakushawishi ununue cheti cha imeili ili nembo yako na ile tiki ya bluu vitokee pembeni ya jina lako kwenye Gmail, hela weka mfukoni. Kwa wadogo naipa nyota mbili kati ya tano. Kwa benki na mashirika makubwa inafika tatu na nusu, sababu nitazisema huko chini, na jamani msije mkasema nimelipwa, hakuna aliyenipa hata vocha.

Mi kazi yangu ni kutunza mifumo ya ofisi ndogo ndogo hapa Dar, zile ofisi ambazo "IT" ni mtu mmoja anayeitwa printa ikigoma. Sasa kuna SACCOS moja nawasaidia, katibu wao ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, hana mchezo kabisa na hela za wanachama. Akanipigia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, hebu pita uniangalizie karatasi hii kabla sijaipeleka kwenye bodi. Nikapita. Kumbe ni proposo ya kampuni moja inayouza "imeili zilizothibitishwa" na kijana wao wa mauzo alikuwa bado yupo pale ofisini, shati limenyooka, laptopu wazi. Akaniambia, "Kaka, hii ni kama geti la VIP, wenzako wanapanga foleni wanapekuliwa we unapita tu." Kwenye karatasi wameandika kwa wino mzito kwamba imeili HAZITAINGIA SPAMU TENA. Shida ya SACCOS ilikuwa ya kweli kabisa, taarifa za hisa za robo mwaka walikuwa wanatuma, wanachama wanapiga simu wanalalamika hawajapata, halafu zinakutwa zimelala kwenye folda ya spamu katikati ya wale wajukuu wa majenerali wenye mabilioni.

Ile habari ya geti la VIP ndo ikanifanya nicheke, maana hiyo bidhaa ilishauzwa huko Marekani miaka karibu 20 iliyopita, watu wakagombana hadi wakafika mbele ya seneta, na mwisho wa siku kampuni ikafunga duka. Kabla hujanunua toleo jipya ni vizuri ujue la kwanza liliishia wapi.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 spamu ilikuwa imechafua inboksi za watu vibaya sana, kiasi kwamba Bill Gates akiwa Davos Januari 2004 alisema ndani ya miaka miwili tatizo litakuwa limekwisha. Halikwisha, sote tunajua. Ila njia mojawapo aliyoizungumzia inavutia, mtumaji anaweka dau dogo la pesa na aliyepokea akiona ni uchafu ndo dau linakatwa, akiona sawa hakuna malipo. Wazo la kumtoza mtumaji kitu lilikuwa na umri tayari, mwaka 1992 watafiti Cynthia Dwork na Moni Naor walipendekeza kompyuta ya mtumaji ilazimishwe kufanya hesabu ngumu kidogo kabla ya kutuma, na 1997 Adam Back akaja na Hashcash inayofanana na hiyo. Mtu wa kawaida anayetuma imeili kumi kwa siku haumii, anayetuma milioni kumi kompyuta zake zinachemka.

Sasa ikaja kampuni ya California inaitwa Goodmail Systems, bosi wake Richard Gingras, na bidhaa yao waliiita CertifiedEmail. Hawa hawakutaka mahesabu, walitaka hela taslimu. Mtumaji anaomba, anachunguzwa kama ni kampuni ya kweli na anawatumia watu waliokubali kupokea, akipita basi kila imeili yake inabandikwa alama ya siri ya kidijitali, na anatozwa kwa kila moja kuanzia robo senti mpaka senti moja ya dola. Ikifika kwa AOL au Yahoo, watoa huduma wakubwa wa imeili enzi hizo, mitambo yao inaisoma ile alama, imeili inaruka filta yote ya spamu, picha na linki zinafunguka bila kuzuiwa (AOL walikuwa wanazizima kwa mtumaji wasiyemjua), na mpokeaji anaona kialama cha bahasha yenye utepe wa bluu. Hela wanagawana Goodmail na hao watoa huduma.

Hapo kwenye kugawana ndo kulikowasha moto.

Habari ilipopamba kwenye New York Times Februari 2006 watu walichachamaa. Ukipiga hesabu, jarida la wiki lenye wasomaji 100,000 kwa bei ya chini kabisa ni dola 250 kila toleo, mwaka mzima ni dola 13,000. Kwa duka kubwa la mtandaoni ni hela ya chai, ila kwa kikundi cha wagonjwa wa saratani wanaopeana moyo na taarifa za dawa kwa imeili ni hela ambayo haipo. Na kweli mmoja wa waliosimama kupinga alikuwa ACOR, mtandao wa wagonjwa wa saratani. Mwishoni mwa Februari EFF (watetezi wa haki za watu mtandaoni), Free Press na MoveOn wakaanzisha kampeni ya DearAOL, na ukiangalia walioungana nao utacheka, MoveOn ni watu wa mrengo wa kushoto kabisa halafu pembeni yao wamesimama Gun Owners of America, wapenda bunduki, watu ambao siku nyingine hata salamu wasingepeana. Craig Newmark wa Craigslist, ile saiti ya matangazo madogo madogo, naye alikuwemo.

Hoja yao haikuwa "tunataka bure" kama wengi walivyowasema. Walisema hivi, siku mtoa huduma wa imeili atakapoanza kupata hela kwa kila barua inayoruka filta, atakuwa na sababu gani tena ya kuihangaikia filta ya wale wasiolipa? Filta ikiwa mbovu wateja wa geti la kulipia wanaongezeka. Yaani unampa mlinzi posho kwa kila anayekwepa kupekuliwa halafu unategemea upekuzi uwe wa haki. Na AOL wenyewe waliwapa wapinzani mdomo, maana walikuwa wametangaza kwamba orodha yao ya bure ya watumaji waaminifu waliyokuwa nayo wataiondoa, baadaye kelele zilipozidi wakarudi nyuma wakasema itabaki, na mwanzoni mwa Machi wakasema mashirika yasiyo ya faida yatapata njia bila kulipa. Wapinzani wakajibu sawa, lakini nani anaamua kwamba we ni shirika zuri?

Upande wa pili nao walikuwa na lao, tusiwaonee. AOL walisema ni hiari, hakuna anayelazimishwa, na anayehitaji uhakika kwamba risiti ya benki imefika na mteja ajue ni ya kweli na siyo ya tapeli basi alipie uhakika huo. Esther Dyson, mtu mzito kwenye mambo ya intaneti na aliwahi kuwa mwenyekiti wa bodi ya EFF yenyewe, aliandika kwenye New York Times kuunga mkono Goodmail, msimamo wake ni kwamba waache wajaribu, ikiwa mbaya watu watahama na soko litaamua. Yahoo nao walikuwa waangalifu zaidi, walisema wataanza na imeili za miamala tu, risiti na taarifa za akaunti, siyo matangazo. Hiyo mi naona ilikuwa busara, na kama bidhaa ingebaki hapo labda ningeipa nyota nne.

Aprili mambo yakawa vichekesho. Tarehe 3 seneta wa jimbo la California, Dean Florez, aliitisha kikao cha kulihoji jambo lenyewe. Siku kadhaa baadaye watu wakagundua kwamba imeili yoyote yenye anwani ya saiti ya DearAOL ukiituma kwa mtu wa AOL haifiki, inagonga ukuta na kurudi. AOL wakasema ni hitilafu ya programu, iligusa saiti nyingine nyingi pia, wakarekebisha. Inawezekana kabisa ilikuwa hitilafu, mi nimeona mifumo ikifanya ujinga mkubwa kuliko huo bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Lakini we mwenyewe fikiria, upo katikati ya ugomvi unaowaambia watu "tuaminini sisi ndo waamuzi wa barua zenu" halafu barua za wapinzani wako zinapotea.

Goodmail waliendelea, 2007 wakaongeza watoa huduma wengine kama Comcast na Verizon, wateja kama Msalaba Mwekundu wa Marekani walikuwepo. Februari 2011 wakafunga. Wala haikufungwa na seneta wala na kampeni, mi naona iliuawa na kitu rahisi zaidi, filta za bure zilikuwa nzuri mno mpaka utepe wa bluu ukakosa cha kuuza. Gmail iliingia Aprili 2004 ikiwa na filta inayojifunza kwa kila mtu anayebonyeza kitufe cha spamu, na wengine wakafuata njia hiyohiyo. Ukiwa mtumaji mstaarabu unafika bure, sasa senti ya nini?

Sasa kabla hatujafika kwenye tiki ya bluu ngoja niwakumbushe kwamba sisi huku hatuna haja ya kubishana kwa nadharia, jaribio la "mtumaji alipe" tunaishi nalo mfukoni. SMS za mkupuo zinalipiwa, kila meseji moja ina bei, na ukitaka zitoke kwa jina badala ya namba unasajili jina la mtumaji, kuna fomu, kuna barua, kuna kusubiri. Kwa hesabu za Goodmail simu yako ilitakiwa iwe safi kama msikiti. Fungua basi simu yako sasa hivi uhesabu, kubeti, mikopo ya chapchap, bahati nasibu, ofa ya bando saa tano usiku, na zote hizo zimelipiwa na jina la mtumaji limesajiliwa vizuri kabisa! Wakati huohuo kikundi cha kina mama cha kukopeshana wanaotaka kukumbushana kikao cha Jumamosi wanaona gharama, wanarudi kwenye grupu la WhatsApp. Na WhatsApp nako makampuni yanatozwa kwa meseji za matangazo na matangazo yanazidi tu. Bei haimzuii mwenye kero, inamzuia asiye na bajeti. Kampuni ya kubeti ikipata mteja mmoja kwenye meseji elfu moja imeshalipa gharama zake, kwa hiyo bei kwake ni sehemu ya biashara kama kodi ya pango.

Na matapeli wenyewe, wale wa "ile hela itume kwenye namba hii", wao hata hawapiti kwenye mfumo wa kulipia, wanatumia laini ya kawaida. Hapa Tanzania unaiforward kwenda 15040 ya TCRA, Kenya watu wa Safaricom wanatuma 333, na kinachowapunguza ni hizo ripoti za watu na kufungiwa laini, siyo bei ya meseji.

Haya, bidhaa ya leo. Ile kampuni ya kijana wa shati ilikuwa inauza kitu ambacho kwa jina la kitaalamu ni cheti cha VMC, kinachofanya kazi na mfumo unaoitwa BIMI. Gmail walianza kuonyesha nembo za makampuni kwa njia hii Julai 2021, na Mei 2023 wakaongeza tiki ya bluu pembeni ya jina. Tofauti kubwa na Goodmail, na hapa niwe mkweli, ni kwamba hulipi kwa kila imeili na Google hapati mgao wa hela yako, unalipa kampuni inayotoa cheti kwa mwaka, kwa kawaida inazidi dola 1,000, kwa shilingi yetu ni milioni mbili na ushee. Lile tatizo la mlinzi anayepewa posho kwa hiyo halipo, hilo nawapa maksi.

Ila sasa masharti. Nembo yako iwe imesajiliwa kama alama ya biashara, na siyo kusajiliwa popote, iwe kwenye ofisi zinazokubaliwa na huo mpango, orodha ilianza na Marekani, Canada, Umoja wa Ulaya, Uingereza, Ujerumani, Japani, Hispania na Australia. Unaona mwenyewe upande gani wa ramani umeachwa. Umesajili nembo yako BRELA, wasajili wetu hapa Tanzania, kihalali kabisa, umelipa, una cheti ukutani, halafu kwenye orodha hiyo haihesabiki. Kijana wa mauzo nilipomuuliza hilo akasema "hilo tutalisolve kaka", nikamuuliza kwa njia gani, akaanza kutafuta chaja ya laptopu. Septemba 2024 Google walikubali aina nyingine ya cheti, CMC, ambayo haitaki alama iliyosajiliwa, unathibitisha tu kwamba nembo umeitumia angalau mwaka mzima, lakini hiyo inakupa nembo bila tiki ya bluu. Kwa wengi wetu hiyo ndo ingewezekana, na nayo inalipiwa.

Halafu cheti chenyewe hakifanyi alichoahidi kijana. Hakuna popote Google waliposema ukiwa na tiki basi imeili haiingii spamu. Tiki inamwambia mpokeaji kwamba huyu ndiye mwenye nembo hii, basi. Ukiwa na tiki na ukatuma uchafu unaingia spamu ukiwa na tiki yako. Na hata hilo la utambulisho lilianza kwa aibu, haijapita hata miezi miwili tangu tiki itoke, mtaalamu mmoja wa usalama akaonyesha imeili ya kitapeli iliyojifanya ya UPS ikiwa imevaa nembo na tiki ya bluu kabisa kwenye Gmail. Google mara ya kwanza wakafunga ripoti yake kama vile si tatizo, kelele zilipopanda wakaifungua upya na kubana masharti, sasa lazima imeili iwe na saini ya DKIM (nitaieleza huko chini) ndo ipate tiki. Sawa, wamerekebisha, ila mtu aliyezoea kuangalia tiki tu ndiye anayekuwa rahisi kuliwa siku tiki ikikosea.

Sasa turudi kwa mama katibu maana tatizo lake bado lipo. Nikamwambia mama tusilipe kwanza, tuangalie kwa nini zinaenda spamu. Nikamwomba mwanachama mmoja aliyekuwa pale dirishani afungue Gmail yake kwenye kompyuta, aingie folda ya spamu, afungue ile taarifa ya hisa. Usiombe mtu akuforwadie, ukiforwadi vile vichwa vya mwanzo, yaani taarifa zilizofichwa za nani katuma na kupitia seva gani, vinapotea na utakuwa unasoma habari za aliyeforwadi. Unabonyeza vidoti vitatu pembeni ya imeili unachagua kuona imeili ghafi, juu kabisa kuna kijedwali kidogo. Kwetu kilisoma SPF: SOFTFAIL, DKIM hata mstari haukuwepo, DMARC: FAIL.

Kwa lugha ya kawaida, SPF ni mstari mmoja kwenye mipangilio ya domeini yako unaoutangazia ulimwengu kwamba barua zangu zinatumwa na seva hizi, mwingine yeyote mtilieni shaka. SACCOS walikuwa wamehama kampuni ya hostingi mwaka jana yake, na aliyewahamisha aliacha mstari wa seva ya zamani vilevile. Kwa hiyo kila taarifa ya hisa iliyotoka ilikuwa inafika kwa wapokeaji na ushahidi wa mwenye domeini mwenyewe kwamba huyu simtambui. DKIM, ambayo ni saini ya kidijitali inayobandikwa kwenye kila barua, ilikuwa ni suala la kuingia kwenye paneli ya hostingi na kuiwasha, ilikuwa imezimwa. DMARC ni mstari wa tatu unaowaambia wapokeaji wafanye nini hizo mbili zikifeli na ripoti watume wapi. Yote haya matatu ni bure. Nimeandika BURE kwa makusudi maana kwenye ile proposo "usanidi wa DMARC" ulikuwa na mstari wake wa bei, na tena ndo sharti la kupata tiki, yaani lazima urekebishe kitu cha bure kwanza kabla hujanunua cha kulipia, na ukishakirekebisha cha bure mara nyingi tatizo lililokupeleka dukani limeshaondoka.

Lakini haikuwa mitambo tu. Nikaangalia kichwa cha habari cha imeili wanazotuma katikati ya mwezi: "MUHIMU!!! MKOPO WA HARAKA BILA USUMBUFU". Herufi kubwa zote. Nikamwambia mama, hii hata mimi ningeitupa. Akaniangalia juu ya miwani.

"Sasa mwanangu, tunatoa mikopo halafu tusiseme mkopo?"

"Semeni mama, ila semeni kama nyie, msiseme kama wale."

Tukabadilisha ikawa jina la SACCOS na "taarifa ya mikopo mwezi wa sita", herufi za kawaida. Tukapunguza na orodha, walikuwemo watu waliojitoa uanachama zamani ambao kila wakipokea wanabonyeza kitufe cha spamu kwa hasira, na hicho kitufe ndo kinaumiza kuliko chote. Google wana sheria tangu Februari 2024, na Yahoo wakaingia pamoja nao, kwamba anayetuma imeili 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, aweke njia ya kujitoa kwa mbonyezo mmoja, na wanaomripoti kuwa ni spamu wasifike asilimia 0.3, yaani watatu kwenye elfu. SACCOS yetu haifiki hata robo ya idadi hiyo ila nimewawekea masharti hayohayo, mtu mdogo akikaa kwa adabu ya wakubwa hapati shida. Mei 2025 Microsoft nao wakaleta sheria zao zinazofanana kwa Outlook.

Baada ya hapo taarifa za robo iliyofuata zilifika inboksi, siyo kwa kila mtu, wachache bado ziliwaangukia kwenye kichupo cha matangazo, ila simu za malalamiko zilipungua mpaka dada wa mapokezi akauliza kama wameacha kutuma.

Sasa nisije nikaonekana nasifia filta za bure kama malaika. Waliopiga kelele 2006 waliogopa AOL kuwa hakimu anayelipwa, tulichokuja kupata ni mahakimu wawili watatu wasiolipwa ambao huwezi kuwakatia rufaa. Google akisema asilimia 0.3 ni 0.3, hakuna seneta aliyeitwa, hakuna aliyekuuliza. Imeili yako ikizama hakuna namba ya kupiga, kuna fomu, unajaza, unasubiri, pengine kimya. Kuna zana yao ya bure inaitwa Postmaster Tools inayokuonyesha ni wangapi wanaziripoti imeili zako kuwa spamu, nzuri sana, lakini ukituma kidogo inakuonyesha ukurasa mtupu, kwa hiyo mdogo ndiye asiyejua anahukumiwa kwa lipi. Filta inayojifunza kutokana na vitufe vya watu ina shida yake nyingine, wanachama wako wakiwa na tabia ya kubonyeza spamu badala ya kujitoa, wanakuchafulia jina hata kwa mwanachama anayezisubiri hizo barua kwa hamu. Hilo ni kero kweli, na hela haiondoi.

Sema tu kati ya hakimu asiyenisikia na hakimu anayemsikia mwenye hela, mi nachukua wa kwanza, maana huyu angalau masharti yake naweza kuyatimiza kwa jioni moja na bando la kawaida.

Nani basi anunue tiki? Benki, kampuni za bima, mashirika ya ndege, taasisi yoyote ambayo matapeli wanaiga jina lake kila siku na ina nembo iliyosajiliwa huko wanakokubali. Kwao milioni mbili na kitu siyo kitu, na mteja akizoea kuiona nembo kuna utapeli kadhaa utadunda. Zaidi ya hapo ule msukumo wa kuweka DMARC kwenye hatua kali, ambayo barua za bandia zinatupwa spamu au kukataliwa kabisa, una faida kubwa kuliko tiki yenyewe, na kuna taasisi kubwa ambazo zisingeiweka kamwe kama meneja masoko asingetamani nembo. Ndo maana nikawapa tatu na nusu.

Duka la mtandaoni la kati, lenye wateja elfu kadhaa? Ningeangalia CMC baadaye, baada ya kuhakikisha SPF, DKIM na DMARC zimekaa sawa kwa miezi na orodha imesafishwa. Shule, msikiti, kanisa, SACCOS, hapana.

Ukiamua kununua hata hivyo, uliza mambo haya kabla hujasaini: nembo yangu iliyosajiliwa hapa nyumbani inakubalika au haikubaliki, wakujibu kwa maandishi. Bei ni ya mwaka mmoja au mingapi, maana cheti kikiisha na usipolipia tena nembo inapotea. Faili la nembo nani analitengeneza, linatakiwa liwe SVG ya aina maalum na mafundi wengi wa grafiki hawajawahi kuigusa, utajikuta unalipa pembeni. Na akikwambia hazitaingia spamu tena, mwambie akuandikie hilo kwenye mkataba pamoja na kiasi atakachorudisha zikiingia. Wa kwetu alisema atampigia bosi wake kwanza.